Kitambi, Usingizi na Zamu ya Usiku



Wengi wetu katika stesheni za Londiani, Kipkelion na Fort Ternan tulianza kazi kwenye genge, tukibeba mataruma na kupiga sururu tangu asubuhi. Mtu wa genge hula sana na hanenepi. Sasa wengine tumepewa viti, lakini sahani ya ugali ni ile ile ya genge. Mishipi yetu ni mashahidi.

Mimi ni mmoja wao. Daktari aliponiambia kuwa damu imepanda, nipunguze uzito, nikafanya ujinga. Niliacha chakula cha mchana, na kila nilipotoka zamu ya usiku nikakimbia mlimani kama kwamba mimi ni Wilson Kiprugut, kijana wa Kericho aliyeiletea Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki kule Tokyo mwaka 1964. Juma la tatu nikasinzia kazini, nikaamshwa na kengele ya simu. Mnajua maana ya mtu wa reli kusinzia. Na uzito? Kilo mbili zilitoka, zikarudi tatu. Mtu asiyelala hushikwa na njaa mbaya, tena hutamani vitamu na mafuta, si mboga.

Basi nikaanza upya, polepole. Nusu kilo kwa juma yatosha. Kwanza kikombe. Chai yetu haina kosa, kosa ni sukari. Vijiko vinne katika vikombe vitano ni vijiko 20 kwa siku, na Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima wa kawaida asipite kama vijiko 12, pamoja na sukari iliyomo katika soda na keki. Ugali nikapunguza, nikaongeza managu, sagaa na maharagwe. Mursik sikuacha, ila siitii sukari.

Mwendo wa haraka wa nusu saa, siku tano kwa juma, unamtosha mtu wa kiti. (Dada zetu wanaochuma chai kwa mkono hawahitaji hotuba hiyo. Aliyebeba kapu mlimani kutwa, kumwambia akimbie jioni ni dhihaka.)

Lililobaki ni usingizi, na hili haliko mikononi mwetu peke yetu. Mtu mzima anahitaji kulala muda wa saa 7 au zaidi. Atalalaje aliyeandikiwa zamu ya usiku, kisha ya mchana, kisha ya usiku tena? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa kila mfanya kazi siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Wapo wenzetu ambao hawajaiona siku hiyo kwa majuma.

Halmashauri inataka kulipeleka jambo hili kwa wakubwa likiwa na ushahidi. Kila aliyeandikiwa zamu mfululizo bila mapumziko amletee Katibu nakala ya karatasi yake ya zamu kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi. Majina hayatasomwa.

Mhariri