Urafiki na Farasi Hauanzi Mgongoni

Makala iliyodai kwamba farasi hufahamika kwa kupandwa tu, na kwamba kumpiga brashi au kumtembeza kwa kamba ni kazi ya mtunza banda, imekosea tangu mzizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 kuhusu farasi wa Camargue, Ufaransa, ulipima mapigo ya moyo na kuonyesha kwamba farasi akikunwa pale shingo inapokutana na mgongo, moyo wake hupunguza kasi. Hapo ndipo farasi wenyewe hukunana kwa meno, rafiki kwa rafiki. Pakishafunikwa na tandiko, mkono haupafikii vizuri. Hata Xenophon, Mgiriki aliyemtegemea farasi vitani yapata miaka 2,400 iliyopita, aliwausia wasomaji wake wasimwendee farasi kwa hasira, na wampapase pale anapopenda kupapaswa.

Mwandishi wa makala hiyo anahofia kwamba farasi akizoeshwa hivyo atadeka. Hofu hiyo ina msingi, kwani mnyama wa kilo 500 anayesukuma watu ni hatari. Lakini kutoa mguu ili kwato isafishwe, kurudi nyuma kwa ishara, kusimama bila kufungwa: adabu hizo zote hufunzwa mtu akiwa chini. Anayeziruka huupandisha ubishi huohuo mgongoni, ambako kuanguka kunaweza kuvunja shingo. Tena farasi anaweza kuishi miaka 25 hadi 30, na uzeeni wengi hawabebi mtu. Mwenye farasi asimsahau siku tandiko linapotundikwa.