Ghali ni Orodha Yenu

Tamasha la vitabu likikaribia hapa Nairobi, waandalizi hutuma orodha ileile ya hoteli: Westlands, Kilimani, Upper Hill. Mshairi wa Lamu akisoma bei ya usiku mmoja, safari imeishia hapo. Halafu tunaambiwa jiji ni ghali. Ghali ni orodha yenu, jamani!

Chukua Kenya National Theatre. Inatazamana na Norfolk, hoteli ya tangu 1904. Hiyo mnaiona. Lakini YMCA iko barabara ya State House, YWCA iko Mamlaka Road, zote ni mwendo wa miguu kutoka hapo, na wageni wa mfuko mwepesi wamelala huko miaka na miaka. Mbona hamzitaji?

Na lojing'i za River Road je? Nyingine usiku ni hatari, sikatai. Lakini Meja Mwangi alituandikia *Going Down River Road* mwaka 1976, nasi tunaisifu kila tukipanda jukwaani. Kumbe mtaa tunaupenda ukiwa kitabuni tu?

Waandalizi, wekeni vyumba vya bei nafuu juu kabisa ya orodha, bei ikiwa wazi. La sivyo mtaendelea kujadili fasihi ya wanyonge na watu wa Kilimani peke yao.