Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo, Kaunti ya Uasin Gishu: Kuku Asiye na Muhuri



Ng'ombe anayechinjwa katika kichinjio chenye leseni hupita mikononi mwa mkaguzi na nyama yake hugongwa muhuri kabla ya kupelekwa buchani, ilhali kuku wengi wanaoliwa Chepkoilel, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Eldoret na familia zinazokizunguka, huchinjwa sokoni, nyumbani au uani mwa hoteli pasipo jicho la afisa yeyote. Pengo hili halitokani na uhaba wa sheria. Kanuni zilizo chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama, Sura ya 356, zinagusa kuku pia, na Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeziachia kaunti vichinjio, huduma za mifugo na leseni za wauza chakula.

Pengo hilo linatokana zaidi na mgawanyo wa kazi. Mkaguzi wa nyama hutazama kichinjio, naye afisa wa afya ya umma, anayeongozwa na Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, hutazama hoteli na duka. Kuku wa uani hapiti kichinjioni, na akifika jikoni amekwisha kuwa vipande, hivyo kila idara yaweza kuamini, kwa nia njema kabisa, kwamba nyingine imekwisha kumkagua.

Ukaguzi kamili una hatua mbili, yaani kumtazama ndege akiwa hai na kuchunguza mzoga na viungo vya ndani baada ya kuchinja, lakini salmonela na kampilobakta, bakteria wanaokaa utumboni mwa kuku anayeonekana mzima, hawaonekani kwa macho. Wao husafiri kwa maji. Kuku wa kwanza huchovywa katika sufuria ya maji moto ili manyoya yalegee, kinyesi kilichoganda miguuni hubaki humo, na kuku wa ishirini huchovywa katika maji yale yale, ambayo kufikia hapo yamekuwa ya kijivu na yamepoa. Anayekuja kutazama mzoga pekee amechelewa.

Mwenye kukagua naye huhitaji kusimamiwa. Hata Marekani, yenye sheria ya ukaguzi wa kuku tangu 1957, iliruhusu mwaka 2014 wafanyakazi wa viwanda kufanya sehemu ya uchambuzi wa mizoga, na ubishi uliofuata ulihusu swali linaloikabili Uasin Gishu pia: nani anamsimamia anayekagua?

Afisi ya Mkurugenzi inaombwa, kwa heshima, ikubaliane kwa maandishi na idara ya afya ni nani anayewajibika kwa kuku wa uani, itenge karibu na masoko mahali pa kuchinjia penye maji yanayotiririka, na iweke daftari la kila siku, lililo wazi kwa mnunuzi, la kuku waliokaguliwa, waliokataliwa na sababu zake. Daftari ambalo kwa miezi halina kuku hata mmoja aliyekataliwa likaguliwe lenyewe kwanza.

Chepkoilel, Eldoret