Tuliocheka ndio hatuna kazi

Nimepotea kidogo, majaribio yalinibana halafu bando likaisha, mnajua tena bumu likichelewa mambo yanakuwaje. Leo nimerudi na hasira, mnivumilie.

Juzi nilikuwa kwenye kimbweta naangalia kwa simu vipindi vya RootsTech, ule mkutano wa watafuta nasaba wa kule Salt Lake City, Marekani, ulioanza 2011. Jamaa yangu mmoja wa mwaka wa tatu akachungulia, akauliza hao watu wakitoka ukumbini jioni wanakwenda wapi. Nikamwambia wengi wanakwenda maktaba, na watu wa mambo haya wakifika mji mgeni hawaondoki bila kuzunguka makaburini. Weee! Kicheko chake kilisikika mpaka kantini. "Yaani nauli yote hiyo ya ndege, halafu starehe yenyewe ni maktaba na makaburi? Hao hawana kazi." Kimbweta kizima kikacheka. Na mimi nikacheka (aibu yangu hiyo).

Nimekaa nalo siku mbili. Sasa nasema hivi: kama kuna kitu cha kufuta kwenye mkutano ule, basi wafute mihadhara, shughuli za pembeni zibaki.

Kwa nini? Kwa sababu Maktaba ya FamilySearch iko mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka ukumbi wa Salt Palace, na kuingia ni bure. Asubuhi mtu anafundishwa namna ya kusoma daftari la zamani la sensa, mchana huohuo anakwenda kulitafuta jina la bibi wa bibi yake mwenyewe. Sisi wa Elimu kila mtihani tunaandika "mwanafunzi hujifunza kwa kutenda", tunapewa maksi, halafu tunarudi darasani kunakili yaliyoandikwa ukutani. Nani hana kazi hapo?

Mnaodhani ni utalii, fikirieni Mmarekani Mweusi anayetafuta kwao. Sensa za 1850 na 1860 ziliwaorodhesha watumwa kwa umri, jinsia na rangi, chini ya jina la bwana wao. Majina yao wenyewe hayamo, isipokuwa wachache mno. Wengi wanaonekana kwa jina kwa mara ya kwanza 1870. Kwa hiyo mtu akifika mwaka huo anagonga ukuta. Kilichosaidia kuupasua ukuta huo ni makaratasi ya ofisi ya serikali iliyoundwa 1865 kuwahudumia walioachwa huru. Kati ya 2015 na 2016 maelfu ya watu wa kujitolea waliyapitia na kutoa majina karibu milioni 1.8. Hawakulipwa. Ni watu waliokaa na kompyuta zao baada ya kazi, wakisoma mwandiko mbaya wa karani wa zamani. Hiyo nayo ilikuwa shughuli ya pembeni, jamani.

Ninachowalaumu waandaaji ni kitu kingine. Pale ukumbini kuna maonyesho ya biashara, makampuni yanakuuzia kichupa cha kutemea mate ili upimwe DNA. Sawa, tema. Lakini mate hayakuambii babu yako aliitwa nani wala alihama kwa sababu ya njaa au ugomvi. (Mazoezi ya kwaya ya Wamormoni Alhamisi jioni sina neno nayo, anayependa muziki aende. Sababu zao za kidini za kukusanya nasaba nazo si ugomvi wangu leo.) Halafu sisi wa mtandaoni, tuliofunguliwa mlango bure tangu 2021, tunapewa mihadhara tu. Mfupa tumepewa, nyama imebaki Salt Lake.

Lakini na sisi tusijidai. Utasikia "Waafrika tunakumbuka kwa mdomo, hatuhitaji karatasi". Mdomo wa nani? Nilipokuwa TP niliwaambia kidato cha pili waandike jina lao, la baba, la babu, waendelee mpaka wachoke. Wengi walichoka kwa babu. Mtoto mmoja akaniuliza, "Na wewe mwalimu?" Nikaishia la nne, nikajifanya muda umekwisha. Na tazameni majina yetu yalivyo: la tatu ni la babu, mwanangu atatumia la baba yangu, langu la sasa linaanguka njiani. Kule fomu inauliza jina la ukoo. Wengi wetu tungeandika nini? FamilySearch wenyewe wameliona hilo, ndiyo maana Ghana na Nigeria wanawafuata wazee nyumbani na kuwaandika wakiwa hai.

Sasa niwaambie kinachoniuma hasa. Desemba nilikuwa kijijini wiki mbili. Bibi mzaa mama, amevuka themanini, aliniomba nimsindikize kupalilia makaburi. Ni utaratibu wake, anakwenda kaburi moja moja, anasema huyu fulani, mama yake fulani, alikufa mwaka wa nzige. Mengi hayana hata jiwe, yanajulikana kwa kichwa chake tu. Nikamwambia, "Bibi, nimechoka, nenda na huyu mdogo." Nikabaki ndani naangalia muvi. Dogo aliporudi nikamuuliza wamesema nini huko. Akasema, "Majina mengi, sikumbuki."

Wiki iliyopita Bibi aliongea nami kwa simu akaniita kwa jina la mjomba wangu aliyefariki. Nikamsahihisha. Akacheka, dakika moja baadaye akaniita tena hivyohivyo.

Basi langu ni Ijumaa alfajiri, vipindi viwili nitavikosa na CR ameshajua. Muvi zote nimezifuta kwenye simu ili kurekodi kusinikatikie njiani. Jembe nitalikuta hukohuko.