Usitie kidole kwenye karatasi siku ile ile ya ajali

Wewe uliye mjini Goma na wewe uliyewahi kuishi kwenye kambi ya Bulengo, Lushagala, Rusayo au Kanyaruchinya, leo naomba tuache kidogo habari za risasi, tuongee habari za magari.

Kuanzia Februari ya mwaka 2024, vita vilipofika Sake, barabara itokayo Ndosho kwenda Mugunga ilijaa watu. Watoto walivuka na bido za maji, akina mama waliweka makala ukingoni, chukudu zilipita na mizigo, wamotari walipenya popote walipoona nafasi. Katikati ya watu hao wote kulikuwa na Fuso, bisi za abiria, magari ya mashirika na magari ya jeshi. Mtu alipogongwa pale, mambo yalimalizwa haraka mno. Kabla nusu saa haijapita, gari lilikuwa limeshaondoka na aliyegongwa ameshikilia noti mkononi.

Mwezi wa tano wa mwaka huo ilimpata mama yangu mdogo, mhami kutoka Masisi. Bisi ilimgonga akivuka na bido la maji, mguu wa kushoto ukavunjika. Shoferi alisimama, na hilo namsifu kwalo, kwa sababu si wote wanaosimama. Alitoa dola 50 mfukoni mwake, akachana ukurasa wa daftari, akaandika mistari minne kwa Kifaransa, akamwambia: "Mama, kamata hii, tusikilizane. Tusifike parke, kule watatukula sisi wote wawili." Mama akatia kidole. Hakuna aliyeita polisi. Jioni nilipofika hospitali nikausoma ule ukurasa: ulisema amelipwa yote, na hatadai tena kitu kwa mtu yeyote. Fakture ya kwanza ilikuwa dola 340, na hakuruhusiwa kutoka kitandani mpaka ukoo mzima ulipochanga.

Nimetangaza ajali nyingi redioni. Nimesema idadi ya waliokufa, nimesema breki zilikatika, nimesema shoferi alikimbia. Sikumbuki hata siku moja niliyouliza hewani kama gari lilikuwa na asiransi. Kwa hiyo lawama ninayoitoa leo inaanza na mimi.

Sheria yetu haikumsahau aliyegongwa. Kitabu cha tatu cha sheria za raia, ambacho ni cha tarehe 30 Julai 1888, kinasema kwenye kifungu cha 258 kwamba anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimika kuilipa. Kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kukosa uangalifu. Kile cha 260 kinamfikia hata mwajiri, kwa hasara iliyoletwa na mtu wake akiwa kazini, maana yake mwenye bisi hawezi kusema "mfuateni shoferi wangu." Na tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, kila mwenye gari anapaswa kuwa na asiransi kwa ajili ya watu atakaowadhuru. Kwa miaka mingi SONAS, iliyoundwa mwaka 1966, ilikuwa peke yake kwenye kazi hiyo. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango kwa kampuni nyingine, nazo zikaanza kupewa ruhusa mwaka 2019, chini ya usimamizi wa ARCA.

Watu wengi wanadhani ile karatasi ya asiransi kwenye kioo ni ya kumwonyesha polisi wa rulaje ili gari lipite. Kumbe imewekwa kwa ajili ya mtu aliyelala chini barabarani. Yule shoferi wetu alikuwa nayo, nimehakikisha baadaye. Alitoa pesa ya chakula cha watoto wake kulipa deni ambalo tajiri wake alikuwa ameshalilipia asiransi. Mama alipoteza, shoferi alipoteza, tajiri wa bisi hakupoteza hata franka moja.

Lakini asiransi haitoi pesa kwa machozi. Inataka kuona. Cha kwanza ni PV ya polisi, ile taarifa inayoandikwa mahali pa ajali pamoja na mchoro unaoonyesha gari lilitoka wapi na mtu alikuwa wapi. Bila PV, kampuni itakuuliza: nani anasema ni gari letu? Cha pili ni cheti cha daktari kinachosema ni mfupa gani, ni siku ngapi hutafanya kazi, na kama kilema kitabaki. Kiombeni mapema, jeraha likiwa bado linaonekana. Fakture na karatasi za dawa zote ziwekwe pamoja, hata ile ya franka elfu mbili. Muuza makala naye ana kipato: walio jirani na meza yake wanaweza kusema alikuwa anaingiza ngapi kwa siku.

Simu tunazo. Kabla gari halijasogezwa, mmoja apige picha ya plaki, ya karatasi ya asiransi kwenye kioo, na ya barabara yote. Achukue majina na namba za watu wawili walioona. Gari likiwa na plaki ya Rwanda au ya Uganda, ulizeni kadi ya njano ya COMESA, nayo inafanya kazi huku kwetu.

Hapa niseme jambo ambalo vijana wengine hawatalipenda. Gari likigonga mtu, kuna wanaokimbilia mawe na kiberiti. Naelewa uchungu wao. Ila gari likiungua, na ile karatasi ya asiransi inaungua, alama za breki zinakanyagwa, na shoferi mwingine anayesikia habari hiyo ataapa kutosimama kamwe. Nani atalipa hospitali kesho yake? Si walioleta kiberiti.

Najua mtakachonijibu, kwa sababu simu za wasikilizaji zinasema hivyo kila juma. Polisi ataomba pesa ya usafiri kabla ya kuja kupima. Parke ni mlima. Mei 2021, hali ya dharura ilipotangazwa Kivu Kaskazini na Ituri, kesi za jinai zilipelekwa mbele ya mahakama za kijeshi, na raia wengi hawakujua tena wabishe mlango gani. Sipingi hata neno moja. Ndiyo sababu watu wanachagua dola 50 za leo. Mwenye njaa hawezi kungoja kesi, na mhami aliyekimbia bila kadi ya mpiga kura anaogopa hata kusimama mbele ya meza ya ofisi.

Basi kama ni lazima kupokea, pokeeni. Kusikilizana kunaruhusiwa na sheria. Angalieni tu maneno ya karatasi. Mkitia sahihi kwamba mmemaliza, masikilizano hayo yanaweza kuwafunga kama hukumu ya tribinali. Andikeni kwa Kiswahili, mbele ya mashahidi wawili: "Nimepokea dola 50 za kuanza matibabu. Madai yangu hayajaisha." Muweke tarehe, namba ya plaki na jina la shoferi. Shoferi mwenye nia njema hatakataa. Akikataa, mwenyewe amewafundisha kitu.

Asiyekuwa na kitu aombe kwa viongozi wa komini hati ya umaskini, ile inayoitwa atestasyo ya endijansi, ili asitozwe gharama za kufungua kesi. Chama cha wanasheria cha Kivu Kaskazini nacho kina wajibu wa kusikiliza maskini bila malipo, na mlango huo haubishwi vya kutosha. Viongozi wa mitaa wawe na daftari moja la ajali: siku, saa, plaki, shahidi. Daftari halizidi bei ya chupa mbili za maji.

Kwa wakubwa nina ombi moja tu. Polisi wa rulaje anayesimamisha magari siku nzima kukagua asiransi, siku ya ajali ampe aliyegongwa kikaratasi chenye jina la kampuni na namba ya asiransi, bure, pale pale, au kwa ndugu yake kama hajitambui. Sioni kinachozuia hilo lianze kesho asubuhi. Kampuni nazo zinajua njia ya kumfikia mteja wakati wa kuuza. Zitume mtu hata mara moja kwa juma kwenye hospitali zinazopokea majeruhi.

Kesi ya mama mdogo sasa iko mbele ya avoka. Anajenga hoja kwamba mtu asiyejua kusoma, akiwa na mguu uliovunjika, hakukubali kwa hiari mistari ambayo hakuna aliyemtafsiria. PV haikuandikwa siku ile, ndipo tunapohangaika. Tulichonacho ni mashahidi wawili na kazi ya mtoto mmoja wa kambini, ambaye bisi ilipowashwa kuondoka alichukua msumari akachora namba ya plaki kwenye lile bido la manjano lililokuwa limeanguka. Kwa namba hiyo ndiyo tulimpata tajiri na asiransi yake. Bido bado lipo na linatekewa maji kila siku, ila mama ameshawakataza watoto kulisugua upande ule kwa mchanga.