Makochi Tunayavisha, Miguu Tunaiacha Mitupu



Kila Sikukuu inapokaribia, chumba chetu cha kushonea hujaa mapazia na foronya za makochi. Mteja huja na picha kwenye simu, anachagua rangi, tunabishana naye kuhusu marinda mpaka tunacheka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutuuliza: hii miguu ya viti nayo tuivishe nini? Sisi tunaona swali hilo lilipaswa kutangulia pazia, na tunasema hivyo kwa sababu limetutia hasara wenyewe.

Tulikuwa tumepanga nyumba yenye marumaru nyeupe nzuri. Tulipohama, mwenye nyumba alikagua chumba kwa chumba, akakata gharama ya marumaru kwenye pesa ya dhamana tuliyoweka. Tuliudhika sana, tukasema mama huyu hana huruma. Lakini tulipoinama kutazama, tuliona haki ni yake. Chini ya meza ya kulia kulikuwa na michirizi kila kiti kilipovutwa. Pale pa cherehani palikuwa na alama nne za kutu, maana chuma kilisimama kwenye sakafu iliyopigwa deki kila asubuhi na maji hayakauki upesi chini ya mguu. Nyumba ya watu ni amana. Sisi tuliitunza juu, tukaisahau chini.

Na sakafu zetu hapa visiwani zina adui mkubwa, nao ni mchanga. Unaingia na viatu, unaingia na watoto, unaingia na upepo. Kiti kikivutwa juu ya mchanga, mchanga unafanya kazi ya msasa. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni ufagio, na kinga ya miguu huja baada yake.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tukienda dukani tunabeba kinga yoyote inayofanana na rangi ya kiti. Hilo ndilo tunalolipinga. Kinga huchaguliwa kwa sakafu uliyonayo na kwa mtu atakayekaa kwenye kiti hicho.

Kwa marumaru na viti vinavyovutwa mara kwa mara, vile vibandiko vya kitambaa kizito, felti, vinafaa. Vinateleza vizuri na havipigi kelele. Lakini tusidanganyane: kwetu tunapiga deki kwa maji mengi, na joto nalo halina mchezo. Gundi inaachia, felti inanyonya maji, inabeba mchanga, na kinga yenyewe inageuka msasa. Kama mguu ni wa mbao, tafuta felti yenye msumari wake katikati, na hakikisha kichwa cha msumari kimezama ndani kabisa. Kisha uikague kila mwezi. Ikiwa ngumu au imejaa mchanga, ibandue uweke nyengine.

Kwa viti vya bomba la chuma, nunua vifuniko vya kuvalisha. Hapa ndipo futi ya kushonea inapofaa. Izungushe kwenye mguu, gawa kipimo kwa 3.14, utapata upana wake. Mzunguko wa sentimita 8 unakupa upana wa milimita 25 hivi. Kifuniko kiingie kwa kubana kama ukosi uliokatwa sawasawa, kikilegea kitabaki sakafuni siku ya kwanza. Viti sita vina miguu 24, kwa hiyo nunua kimoja kwanza, kakijaribu nyumbani, ndipo ununue vilivyobaki.

Wenye zulia la plastiki wawe waangalifu na mpira. Mpira ukikaa muda mrefu juu ya plastiki unaacha doa la manjano au kahawia, na doa hilo halitoki kwa sabuni wala kwa jiki. Vile vipande vya kandambili kuukuu tunavyovipenda vinafaa kwenye saruji, ila huko visipelekwe. Na kwa kabati zito, weka kikombe kipana cha plastiki ngumu, kwa sababu mguu mwembamba unaacha shimo.

Mpira una pahala pake. Cherehani, kitanda na kiti cha mzee vinahitaji kutulia. Mama yetu anaswali kwa kukaa kwa ajili ya magoti. Tulimwekea kiti kizuri chenye vifuniko vya plastiki laini ili kisichubue marumaru. Siku moja alikishika ainuke, kiti kikateleza nyuma. Alhamdulillah alidaka ukuta. Tulikuwa tumelinda marumaru tukamsahau mama. Siku hiyo hiyo tulibadilisha, tukavalisha mpira wenye mikunjo chini, na tangu hapo tunaufuta vumbi kila wiki, maana mpira wenye vumbi nao huteleza.

Wapo wanaotuambia haya ni mambo ya wenye nyumba kubwa, maskini ana shida nyengine. Sisi tunaona ni kinyume. Mwenye uwezo marumaru ikiharibika anabadilisha. Anayepanga ndiye anayekatwa dhamana yake. Anayekaa magorofani kama ya Michenzani ndiye anayesikia viti vya jirani wa juu wakati wa daku, vinaburutwa kama vile vinaburutwa kichwani mwake. Haki ya jirani tunaisoma tangu chuoni. Basi isiishie kwenye kupelekeana futari, na usingizi wa mtoto wake nao ni haki yake.

Tunajua nasi tunaishi kwa mapazia, na tutafurahi mkija kushona. Lakini kabla hujatuletea kitambaa, pindua kiti kimoja leo usiku. Pitisha kidole chini ya kila mguu. Ukikuta kifuniko kimetoboka na chuma kinatokeza, punguza mita moja kwenye pazia ununue kinga. Pazia likiwa na marinda machache hakuna atakayelalamika.

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu, za kupanga na za kumiliki. Amin.