Usiing'oe pampu ya oili, itoe upepo

Kuna ugonjwa kwenye karakana za pikipiki hapa Eldoret ambao mimi mtunga programu naujua vizuri, maana hata kwetu upo. Kitu kikisumbua, kinang'olewa. Kompaila ikitoa onyo, mtu anazima onyo badala ya kusoma limesema nini. Pampu ya oili ikishukiwa, fundi anaitoa, anaziba tundu kwa kipande cha bati na gasketi, kisha anamwambia mwenye pikipiki, "Mzee, kuanzia leo utakuwa unachanganya mwenyewe." Na analipwa kwa kazi hiyo! Leo nataka kubishana na mafundi wa namna hii.

Nazungumzia injini za mipigo miwili, zile tunazoita tu-stroki. Najua watu wa bodaboda watacheka, kwa kuwa Boxer na TVS zao ni za mipigo minne. Sawa. Lakini Yamaha AG100 na DT bado ziko nyingi Uasin Gishu na Elgeyo Marakwet, mashambani, kwenye misheni na kwa watu wa mifugo. Mjomba wangu anayo AG100 aliyoinunua mnadani. Kazi yake ni kupandisha ng'ombe kwa mrija. Anabeba mtungi wake wa naitrojeni nyuma ya kiti, na simu ikilia ni lazima aondoke. Ng'ombe akiwa kwenye joto hasubiri fundi. Nafasi ikipita, mwenye ng'ombe atangoja siku 21 hivi, na hizo ni siku 21 za maziwa ambayo hayatapatikana mwaka ujao. Kwa hiyo ninaposema "pampu" sizungumzii kitu cha kuchezea Jumamosi.

Pikipiki hiyo ilichongwa silinda, ikawekwa pistoni mpya na ringi mpya. Kazi ya kuchonga ilikuwa safi, sina neno. Fundi (jina naliweka kapuni) akarudisha kila kitu mahali pake, akapiga kiki, ikawaka, akasema imepona. Haikufika mbali. Kabla ya Moiben injini ikanoki na gurudumu la nyuma likakwama. Bahati yake alikuwa anapanda kilima polepole. Pistoni ya pili ikanunuliwa, na hapo ndipo ushauri ukatoka: pampu hii ni mbovu, itupe.

Pampu haikuwa mbovu. Ilikuwa na upepo ndani.

Tuelewane jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi. Injini ya mipigo minne ina oili yake chini, inazungushwa na kurudi. Ya mipigo miwili haina kitu hicho: petroli na hewa hupitia chini kwenye krankshafti, na oili husafiri pamoja nazo hadi kuungua. Zamani kila mtu alichanganya oili kwenye tangi la petroli. Mwaka 1964 Yamaha walileta Autolube, yaani tangi dogo la oili peke yake na pampu inayozungushwa na injini yenyewe. Pampu hiyo ina kebo iliyounganishwa na mkono wa mafuta. Injini ikizunguka haraka, oili inaongezeka. Ukivuta mafuta, inaongezeka tena. Pikipiki za theluji, zile za Alaska na Kanada, nazo nyingi zinatumia ujanja huohuo, na wenyewe huko wanajua kwamba ukishafungua injini hutii mwendo hadi umeijaza pampu.

Sasa, ukifungua injini, mipira ya oili inakauka. Pampu iliyorudishwa hivyohivyo ni kama kigezo ambacho hakijapewa thamani: kipo, kina jina, ndani hamna kitu. Inazunguka vizuri kabisa lakini inasukuma mapovu. Pistoni mpya, iliyobana, ndiyo inahitaji oili kuliko zote, nayo inapewa upepo. Kisha lawama inaenda kwa Wajapani!

"Kuchanganya ni salama zaidi," wanasema. Hoja hii si ya kijinga na sitaijibu kijinga. Ni kweli ukichanganya unajua oili imo ndani ya petroli. Ni kweli pampu ikikata oili haikupigii simu. Hata watu wa mashindano wengi wanaitoa. Lakini mtu wa mashindano ana mkono wa mafuta wazi karibu muda wote, na ana mtu wa kumpimia oili. Mjomba wangu anatoka Iten kushuka Tambach, na ukiendelea hadi bonde la Kerio umeshuka zaidi ya mita 1,000. Kwenye mteremko ule unafunga mafuta na kuiacha injini ikushikie mwendo. Injini inazunguka haraka, petroli inayoingia ni kidogo sana, na kama oili iko ndani ya petroli basi oili nayo ni kidogo sana. Pistoni inakimbia karibu kavu, dakika baada ya dakika. Pampu haifanyi hivyo. Hata ukiachilia mafuta kabisa inaendelea kutoa kipimo chake cha chini, na kadiri injini inavyozunguka haraka ndivyo matone yanavyofuatana. Kwa barabara zetu za kuteremka ukuta wa Elgeyo, anayeing'oa pampu amemwondolea mteja ulinzi mahali hasa anapouhitaji. Gurudumu likikwama kwenye zile kona si habari ya pistoni tena.

Na nani anapima? Kwenye kituo cha mafuta nimeona oili ikipimwa kwa kifuniko cha chupa ya soda. Kijana akiazima pikipiki na kujaza petroli tupu, atajuaje?

Basi tufanye kazi. Ni nusu saa, nyumbani, na spana na bisibisi tu.

Jaza tangi la oili, oili ya 2T na si ile ya gari. Hakikisha tundu la upepo kwenye kifuniko cha tangi halijaziba kwa vumbi, maana likiziba oili inagoma kushuka na utailaumu pampu bure. Fungua kifuniko cha pampu ubavuni mwa injini. Utaona skrubu ndogo ya kutolea upepo yenye washa yake. Weka kitambaa chini, ilegeze, uiache oili itiririke. Mwanzo itatema mapovu. Ngoja. Usiifunge kwa sababu umeona oili, ifunge mapovu yakiisha.

Hapo wengi wanaishia, na ndipo wanapokosea. Bado kuna kile kimrija chembamba kinachotoka kwenye pampu kwenda upande wa kabureta, nacho kimejaa hewa. Sisi tulikijaza kwa bomba la sindano la mjomba (jipya, bila sindano yake), kisha tukakirudisha. Usipoteze kijitufe na springi ya vali iliyo kwenye njia hiyo. Ndiyo inayozuia oili kuvujia ndani ya injini usiku.

Kwa tangi la kwanza la petroli changanya mililita 20 za oili kwa kila lita, yaani 1 kwa 50, juu ya kile kitakacholetwa na pampu. Itatoa moshi, majirani wavumilie. Washa, iache inguruma polepole, na kwa mkono ivute kebo ya pampu hadi mwisho. Pampu sasa inatoa kipimo cha juu, na utaona mapovu ya mwisho yakisafiri kwenye kimrija hadi yaishe. Halafu angalia alama kwenye puli ya pampu ilingane na kipini chake, mkono wa mafuta ukiwa pale mwongozo wa pikipiki yako unaposema. Kila modeli ina kipimo chake, na miongozo hiyo ipo kwenye intaneti kwa faili za PDF. Kuisoma hakumvunjii fundi heshima.

Tia alama ya kalamu kwenye tangi la oili usawa wa oili ulipo. Baada ya tangi moja la petroli, oili iwe imeshuka. Kama haijashuka, usichanganye petroli tupu, rudi kwenye skrubu.

Na nyie wa mipigo minne mliokuwa mnacheka: injini ikitoka kwa fundi, toa plagi, piga kiki mara nyingi bila kuwasha, kisha fungua kifuniko cha vali mwone kama oili imefika kichwani. Fundi akikwambia hakuna haja, mwombe aandike hivyo kwenye risiti.